Filamu Isiyo na Rangi

Mwenzangu, nimejifungia chooni kwa mama mkwe na sitoki. Sitoki!

Si aliniwekea filamu yake ya kale ya kutisha, ile nyeusi na nyeupe? Nikajitia mjuaji: "Mama, kitu kisicho na rangi kitamtisha nani?"

Akaenda zake jikoni. Mimi nacheka. Muuaji gani anapanda ngazi dakika kumi, utadhani ana magoti mabovu!

Halafu akafika mlangoni. Kitasa kikazunguka polepole. Nikasahau kucheka.

Mkono ukanigusa begani.

MKONO! Nikapiga yowe, nikaruka, nikapiga teke sinia zima la chai. Kumbe ni mama mkwe, ananikaribisha chai!

Wala hakugomba. Alilitazama tu zulia lake jeupe, akasema: "Haya, mwanangu. Rangi hiyo hapo."