Mchezaji Niliyemuuza Ng'ambo

Shangazi Apolonia, shikamoo. Nisikilize mpaka mwisho kabla hujanicheka, maana hata mimi ningekuwa sijayaona kwa macho yangu ningecheka. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nauza mitumba hapa Mtanda, Lindi, pombe sinywi, swala tano sikosi na akili zangu ni timamu, ila nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, nalo ni kwamba nina nchi yangu.

Inaitwa Zumbari, haipo popote, niliitunga nikiwa darasa la nne na mpaka leo sijaiacha. Ina ligi ya timu kumi na mbili, ina Kombe la Jamhuri, ina timu ya taifa, vyote vimo kwenye madaftari, na kila siku baada ya swala ya Alasiri wateja wakipungua narusha dadu kwenye sakafu ya kibanda changu, mechi inachezwa, naandika nani kafunga, nani kaumia, nani katolewa kwa kadi. Wenzangu wanacheza bao na karata, mimi huo ndio mchezo wangu, simdhuru mtu, au ndivyo nilivyodhani.

Tatizo ni majina, Shangazi. Wachezaji zaidi ya mia mbili wanataka majina, nami sikutaka kutumia ya watu wanaotembea hapa mtaani wasije wakasema nawasema vibaya, ndipo nikachukua yale ya utotoni, tuliyoyaacha jandoni. Wewe ni wa huku kwetu, unajua mtoto akitoka jando anavishwa nguo mpya na kupewa jina jipya, kile kibanda mlichokaa porini kinachomwa moto na mnaambiwa mwende mbele msigeuke, na jina la zamani halitamkwi tena, anayelitamka anatozwa kuku. Mimi nikaona haya majina yametupwa, hayana mwenyewe, nikayaokota.

Namba tisa wa timu ya taifa nikampa jina Likwena. Kabla ya jando Likwena lilikuwa jina la Bakary, rafiki yangu, tuliingia pamoja kule Mtama, sasa ni fundi baiskeli na kibanda chake kinatazamana na changu. Mkewe anaitwa Somoe, mwanamke mwema sana, kila mchana akimletea mumewe chakula na mimi hunikumbuka japo kwa kipande cha muhogo.

Mwaka jana kwenye nusu fainali Likwena aliumia kifundo cha mguu wa kushoto, ni dadu tu ilivyoanguka, nikaandika. Kesho yake Bakary akafungua kibanda anachechemea. Nikamuuliza umefanya nini, akasema hajui, kaamka nao hivyo, na daktari akapiga picha hakuona kitu. Nikajiambia ni bahati mbaya tu. Nikampumzisha Likwena mechi tatu, na mechi ya nne nilipomrudisha uwanjani Bakary alikuja ananyoosha mguu, anasema, "Bwana we, leo umeachia wenyewe."

Halafu mwezi wa nne anaziba pancha, mimi nimesimama pembeni, akasema bila kuniangalia, "Jana tumewafunga mbili moja." Nikamuuliza mmemfunga nani, akasema hajui, ni ndoto, ila uwanja ule mzuri, udongo wake mwekundu, tatizo hauna watu. "Unafunga bao, kimya. Majukwaa yote matupu. Inachosha roho, ndugu yangu." Shangazi, hapo niliogopa, kwa sababu mechi ilikuwa mbili moja kweli na lile daftari hakuna aliyewahi kulifungua, na kwa sababu katika miaka yangu yote ya kuandika Zumbari nimeandika wachezaji, waamuzi na viwanja, ila watazamaji sijawahi kuwaandika hata siku moja.

Sasa nifike kwenye kosa. Tangu mambo yawe ruksa tunasikia redioni wachezaji wanauzwa nje, nami nikataka Zumbari iende na wakati. Siku moja Somoe alikuja kumchagulia mumewe shati la Idi, akalipima kwenye kifua changu kwa kuwa miili yetu inalingana, akacheka, akaondoka nalo. Jioni hiyohiyo nikaandika: Likwena ameuzwa ng'ambo, ataondoka baada ya fainali ya Kombe la Jamhuri, tarehe saba Julai. Nchi anayokwenda sikuiandika, niliacha nafasi.

Tangu hapo Bakary haitikii jina lake. Somoe anamwita mara tatu, nne, yeye anatazama barabara. Anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Amenunua begi kwangu, jeusi, lenye zipu, na wateja wote anawaaga kwa mkono, anawaambia fainali ikiisha anaondoka, atapanda gari la Dar ashukie Nangurukuru, hapo atapokelewa. Somoe analia, anafikiri ana mwanamke huko. Juzi nilijikaza nikasimama nyuma yake nikanong'ona lile jina, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, na redio ilikuwa inalia. Akageuka palepale. Akasema, "Naam, mwalimu," kama mchezaji anavyomwitikia kocha wake. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Huko ninakokwenda ni wapi? Kwenye karatasi hawajaandika."

Nimejaribu kuahirisha fainali, nikaifuta tarehe, na nilipoinua kichwa Bakary alikuwa mlangoni kwangu, akaniambia nisiibadilishe kwa sababu tiketi ameshakata. Nikiicheza anaondoka, nisipoicheza sijui atabaki wapi, na nikichoma madaftari naogopa zaidi. Nifanye nini, Shangazi? Siku zinakwisha.

Mwenye daftari,
Mtanda, Lindi.

*

Mwenye daftari, marahaba.

Sikukucheka. Nimezaliwa uwandani Umakondeni, kaka zangu wamepita huko ulikopita wewe, na nimeisoma barua yako mara mbili mlango ukiwa wazi, mchana kweupe, kisha nikahama chumba. Kwa hiyo tuseme wazi: nimeogopa. Ila kuogopa hakunizuii kukugombeza.

Umenieleza juu ya dadu, juu ya uwanja, juu ya mguu. Una wachezaji zaidi ya mia mbili, baba, na redio ilipokuambia watu wanauzwa nje ulimuuza mmoja tu. Mmoja! Tena siku ileile shati la mwenzio lilipopimwa kifuani kwako. Unadhani sisi wanawake hatusomi? Ulitaka kile kibanda cha mbele kiwe na mlango uliofungwa na yule mama aendelee kuleta muhogo. Hukutaka Bakary afe, nakuamini. Ulitaka tu asiwepo, na ukaona aibu hata kuandika aende wapi. Sasa mtu anakuuliza wewe, na wewe huna jibu.

Na hilo la majina yaliyotupwa, nani alikufundisha? Jina la utotoni halitupwi kama ganda la korosho. Linaachwa mahali, na mwenyewe anaambiwa asigeuke, ili lisimfuate. Wewe umekwenda ukaliamsha, ukalivisha jezi, ukalipa kazi kila Alasiri kwa miaka, halafu unashangaa kwamba limemtafuta mwenyewe? Yeye hakugeuka. Uligeuka wewe kwa niaba yake.

Usichome chochote. Kibanda cha jando kilichomwa watoto wakiwa wameshatoka. Safari hii kuna mtu bado yumo ndani.

Fainali usiicheze. Dadu mpe mtu akatupe baharini na usimuulize alitupa wapi. Ukishasoma haya nunua kuku, jogoo mzima mwenye afya, usilete ubahili, uchukue na wenzenu wawili mliotoka nao jando, mwende nyumbani kwa Bakary. Somoe awepo. Hili najua litakuuma, na ndiyo maana nalitaka. Utamwambia mbele ya mkewe ulichoandika na kwa nini ulikiandika, shati na yote. Akikupiga, pigwa. Ukimaliza, mpe daftari lenyewe na kalamu, asiandike mwingine, aandike yeye kwa mkono wake jina lake la sasa na mahali anapokaa: Mtanda, Lindi, kwa mke wangu. Ile nafasi uliyoiacha wazi ndiyo inayomvuta. Ijazwe.

Baada ya hapo kibanda chako hamishia mtaa mwingine, na majina mengine uliyookota uyarudishe moja moja kwa wenyewe, kuku kwa kuku, hata ikikuchukua miaka kumi. Fuga. Na utafute mke wako, mwanaume mzima wa miaka thelathini na sita.

Lakini barua yako imekaa posta, imenifikia tarehe mbili, na gazeti hili linafika kusini kwa gari la tarehe sita. Inawezekana unasoma haya siku yenyewe. Inawezekana moyo umekushinda umekaa na madaftari yako na hujaenda kokote. Kwa hiyo siongei na wewe tena, naongea na wasomaji.

Humu nimebadilisha majina. Nchi ile haiitwi hivyo, mke haitwi hivyo, na lile jina la namba tisa mlilolisoma silo, sitaki mtu alisome la kweli kwa sauti. Jina moja tu la mtu sikuligusa. Nyinyi mnaouza chai na chapati hapo Nangurukuru, nyinyi wapiga debe, nyinyi mnaongoja gari: tarehe saba jioni au usiku akishuka mtu mwenye begi jeusi la zipu, pengine anachechemea tena mguu wa kushoto, anatazama huku na huku kama anayengoja wenyeji, msimuulize anakwenda wapi. Mwiteni Bakary. Asipogeuka mwiteni tena, wote kwa pamoja, pigeni na makofi, mpaka aitike.