Koti la Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya Shangazi inazeeka haraka kuliko Shangazi mwenyewe. Neno hili naliandika hapa kwa sababu nikilisema kwa mdomo nitachapwa kwa futi ya kupimia.

Leo mchana nimeizima na kuiwasha tena, nikaenda kuoga, nikarudi – bado inawaza. Shangazi ameketi mbele yake, mikono mapajani, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Akaniita: Mhandisi, njoo umwamshe mwenzako.

Mhandisi ndiye mimi. Jina kanipa yeye, na kejeli imo ndani yake, lakini nimelipokea pamoja na kejeli yake. Shule niliacha kidato cha pili. Vyeti sina, vidole ninavyo. Nani aliyeifunga kompyuta hii chini ya meza ya kukatia? Mimi. Nani aliyemfundisha Shangazi kuchora paterni humo, yeye ambaye macho yake hayauoni tena mstari wa penseli kwenye karatasi? Mimi. Sasa anaukuza mstari kwenye kioo mpaka unakuwa mnene kama kamba, kisha anachapa na kukata shati bila kukosea. Na nani aliyeshauri boksi la kompyuta lishonewe koti la kuzuia vumbi? Mimi tena. Shangazi alilishona kwa jinzi nzito mwezi wa kwanza, likakaa kama limezaliwa nalo. Matundu ya nyaya tu, basi. Kifuani nikaomba atarizi FUNDI MKUU. Akatarizi, kwa uzi mwekundu, huku anacheka.

Saa hana, ila vipimo vyake anavyo. Anasema mwezi wa kwanza faili la paterni lilikuwa linafunguka kabla hajatia uzi sindanoni. Mwezi wa pili likawa linamchukua pindo la mkono mmoja. Sasa anamaliza kola nzima. Nikamcheka: Shangazi, kompyuta haipimwi kwa kola. Akasema basi ipime wewe kwa mdomo wako, huo hauchoki.

Haraka ipo. Jumamosi Matroni wa hospitali anakuja kuona sare za mfano za wahudumu wa wodi, saizi tano. Zikimpendeza, sare zote arobaini na mbili zitashonwa hapa. Zisipokuwa tayari, kazi inavuka barabara kwenda kwenye karakana kubwa yenye cherehani kumi na mbili. Na paterni za saizi zote tano zimo tumboni mwa huyu kobe.

Nimemwambia kesho saa nne nitakuwa nimemaliza. Tena nitakuwa nimechelewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefuta. Filamu kumi na tisa nimezizika kwa mkono wangu. Michezo yote. Picha zangu za miwani nimebakiza mbili, dunia isije ikakosa. Nikazima, nikawasha. Saa mbili asubuhi faili likafunguka papo hapo!

Nikatembea chumbani mikono nyuma kama mkaguzi. Kidomo, binti wa Shangazi, yuko darasa la sita na ulimi wake umeshamaliza chuo. Akauliza: Kaka, ukiwa wewe ndiye fundi mkuu, fundi mdogo ni nani? Nikamwambia bado hajazaliwa.

Saa tano – kola nzima na vifungo viwili.

 Shangazi alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye cherehani. Bora angenikaripia.

Jumatano, 5 Machi

Vairasi. Lazima ni vairasi. Nimeweka antivairasi mbili, ziwe zinasaidiana. Hazikusaidiana. Kompyuta iliganda, hata mshale ukakataa kusogea. Shangazi akasema: umeweka walinzi wawili mlango mmoja, kila mmoja anamkagua mwenzake, mwenye nyumba atapita saa ngapi?

Nikazitoa zote mbili. Hajawahi kuambiwa antivairasi ni nini, na bado amenieleza.

Kisha akaniuliza kitu: mbona asubuhi ni nzima? Huyo mdudu wako analala mpaka saa tano? Nilimjibu kwa maneno marefu kuhusu memori. Hata mimi sikuyaelewa.

Siri ya leo. Nilijificha nyuma ya mapazia ya mteja na saa ya simu, nikampima Shangazi. Kola ya kwanza, dakika sita na sekunde ishirini. Ya pili, sita na ishirini na mbili. Ya tatu, sita na kumi na tisa. Katikati alijibu mteja, akamkaripia Kidomo, akahesabu chenji. Sekunde hazikuyumba. Mwanamke huyu ni saa iliyovaa gauni.

Sikumwambia. Kichwa chake kikivimba, changu kitakaa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Mbaya.

Mchana nilichomeka flashi ninakili paterni, tuwe salama. Ikafika nusu, kompyuta ikazimika yenyewe. Nikaiwasha, ikazimika tena kabla ya kufika popote.

Paterni za karatasi, zile za miaka yake ishirini zilizokuwa zikining'inia misumarini, nilizichoma mimi. Mwezi wa kwanza, nyuma ya nyumba, nikimwambia kompyuta haisahau. Leo nilingoja anikumbushe. Hakunikumbusha. Aliagiza karatasi za kaki na chaki, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, akaanza kuchora upya kutoka kichwani. Vidole vinajua kila kipimo. Bega, kwapa, shingo, havisiti. Ila macho hayaoni vidole vilipoishia. Saizi ya kwanza ilitoka sawa. Ya pili ikaenda upande.

Akaifuta kwa kiganja, akaanza tena. Nilitoka nje nikasimama.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike polepole nisisahau kitu.

Asubuhi iliwaka, nzima kama hakikutokea kitu jana. Nikasema ninakili upesi. Akasema ngoja. Akapiga magoti, yeye na magoti yake yanayolia, akaingiza mkono chini ya koti la boksi, kiganja kwenye bati. Hivyohivyo anavyopima pasi. Baridi. Akaenda kushona kola moja, akarudi akashika. Ya pili, akashika. Ya nne alirudisha mkono haraka na kuupuliza.

“Mwenzako ana homa,” akasema.

Nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa kidole. Cherehani ikianza kuvuta, akasema, sikimbilii kubadili uzi. Nafungua chini ya sindano natoa taka. Huku nako kuna mahali pa kufungua?

Papo. Pana skrubu mbili. Siku nne nimekaa juu ya skrubu mbili!

Nikazima, nikachomoa waya. Akachukua kile kisu kidogo cha kufumulia, akakiweka kwenye mshono wa koti. Mshono unapita katikati ya FUNDI na MKUU. Akanitazama: Mhandisi, unaruhusu? Kidomo alikuwa mlangoni, amejishika mbavu. Nikasema fumua.

Bisibisi ya cherehani ilitosha. Nilivuta ubavu wa boksi, na ndani hamkuwa na kompyuta. Mlikuwa na blanketi. Taka za uzi zimeganda kwenye feni mpaka mapanga hayaonekani. Koti langu lilizuia hewa tu. Nyuzi halikuzizuia, feni ilikuwa ikizivuta kutoka sakafuni kupitia matundu ya nyaya, kidogo kidogo, tangu mwezi wa kwanza. Kadiri zilivyojaa, ndivyo ilivyochemka, na ikichemka inajipunguzia mwendo isiungue.

Sasa sikiliza. Shangazi akalibandua lile blanketi kwa brashi ya kusafishia cherehani, likatoka zima, akalisogeza dirishani karibu na jicho na kulisoma. Nyeupe hii ya chini ni mashati ya shule, mwezi wa kwanza. Kijani ni mapazia ya yule mama mwenye duka, hapo ndipo ilipoanza pindo la mkono. Hii bluu ya juu ni ya wiki jana. Kola. Aliisoma kama daftari. Mimi nilifuta filamu kumi na tisa.

Tumeiwasha bila koti. Saa tano, saa sita, saa nane. Faili linafunguka na uzi bado uko mdomoni mwake. Nimenakili kwenye flashi mbili, moja ya Kidomo, ambaye amenitoza ahadi ya kukubali aniite Fundi Mdogo mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi, 8 Machi

Sare tano zimetundikwa ukutani saa tisa. Mimi nilichapa paterni na kupiga pasi. Yeye vingine vyote.

Matroni alifika saa kumi. Mwanamke mrefu, anatazama mshono kama anatazama kidonda. Akageuza kila nguo nje ndani. Akasema vizuri, jibu la kazi nitalitoa Jumatatu kwa barua. Kisha akauliza kuhusu kompyuta. Alisikia sokoni imekufa. (Sokoni nilimwambia mtu mmoja tu. Labda watatu.)

Shangazi, pini mdomoni: “Ilikuwa inaumwa. Mtoto wa kaka yangu ameitengeneza.”

Nilifungua mdomo nimsahihishe.  Matroni akasema basi Jumatatu aje ofisini, yangu nayo imekuwa goigoi.

Alipoondoka nikamwuliza Shangazi kwa nini. Akasema kompyuta uliileta wewe, mimi nimetoa taka tu. Na koti? nikauliza. Akatoa pini ya mwisho mdomoni. Koti nililishona mimi, akasema, na nilijua jinzi ile haipumui.

Nimesimama pale kama sanamu ya kuonyeshea nguo. Mtu aliyechomewa miaka ishirini, anagawana na mimi lawama nusu kwa nusu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa, ofisini kwa Matroni, kwenye kiti chake. Kinazunguka. Nimezunguka mara moja tu, ya majaribio.

Barua ya sare zetu ameiandika, imo ndani ya kompyuta hii. Tangu saa mbili haijafunguka. Akasema ukiitengeneza tu naichapa unaondoka nayo. Nisipoipeleka kwa mkurugenzi wa hospitali kabla ya saa sita, atachukua barua ya wale wa karakana, ambayo tayari iko mezani kwake.

Nilitaka kusema si mimi, ni Shangazi. Karani wake akaniwahi: fundi, umesomea wapi? Nikasema chumba cha ushonaji, chini ya meza. Wakacheka sana. Ilikuwa kweli tupu.

Matroni akasema anza. Mkono wangu ukataka kufuta kitu, chochote. Nikauzuia. Nikamwuliza, ilianza lini? Asubuhi inakuwaje? Akavuta kiti cha wagonjwa, akasema hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaeleza: iko hivyo hivyo asubuhi na jioni, tangu wiki ile walipohamisha meza. Sasa ametoka kumwita aliyehamisha.

Saa tano na dakika kumi. Nimepiga magoti. Nimeweka kiganja kwenye bati kama alivyoweka yeye.

Ni baridi kabisa.

Sikuuondoa mkono. Kwa ule wa pili nimempigia Shangazi, simu nikaibana begani, kalamu nikairudia. Simu inaita, na najua atapokea akimaliza kola. Nimepiga dakika mbili sasa; kola ni dakika sita, zimebaki nne.