Spika Hazikufa

Jumatano jioni

Muuaji wa spika! Ndivyo mwalimu wa kompyuta alivyoniita mbele ya darasa zima. Kasida tuliyowarekodia wageni wa kesho ilikuwa haisikiki, na mimi ndiye niliyeigusa kompyuta mwisho.

"Mtoto wa kijijini Kiongoroni wewe, umezoea kukata mikoko. Shika ufagio, na kompyuta usiiguse tena mpaka shule ifungwe."

Wakacheka. Leo nawachukia wote, hata Mwanahawa ninayekaa naye dawati moja.

Nikabaki nafagia peke yangu. Nyuma ya kompyuta nikaona matundu ya spika yapo sehemu mbili. Nikafungua mipangilio ya sauti. Kumbe kuna kadi mbili za sauti, na Linux, programu inayoendesha kompyuta zetu, ilikuwa inapeleka sauti kwenye kadi isiyochomekwa kitu. Nikachagua ile ya pili. Kasida ikasikika mpaka uwanjani.

Mwalimu akaja mbio. "Ah, imepona yenyewe."

"Haikuwa inaumwa, mwalimu. Na kompyuta ikizimwa huenda sauti ikapotea tena."

Akauliza nimefanyaje. Nikamjibu nitamwonyesha kesho, mradi niwe nimekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta.

Hakusema ndiyo. Lakini ufagio aliuchukua.