Shule Yetu Ilipotangaziwa Kifo

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila kwanza natangaza kwa heshima na taadhima, taifa lijue na majirani zake wasikie, kwamba mlango wa shule ya kijiji chetu cha Gorna Slivka umepakwa rangi ya kijani. Wameupaka wazazi, bila kuombwa, na mimi mwalimu mkuu, mtu mzima mwenye kitambi, nilisimama pale nikalia mbele ya wanafunzi.

Ilikuwa hivi: tusipopata watoto wa kutosha wa darasa la kwanza shule inafungwa, na wazazi walishaamua kuwapeleka wanao mjini kwa basi, nami nikaenda semina ya mawasiliano ya kimkakati, nikarudi nimeiva, nikachora mabango ya duara na mishale kuhusu elimu bora na endelevu, nikayabandika kijiji kizima na hakuja mtu, hata mke wangu, ndipo kwa hasira nikaandika tangazo la kifo, lile la ukingo mweusi tunalobandika kwenye nguzo na milango mtu akifariki, maana hilo kila mtu hulisoma kabla hajanunua mkate: "Kwa majonzi tunawaarifu kuwa shule yetu, baada ya kuugua kwa muda mrefu upungufu wa watoto, iko mahututi. Kuagana ni Alhamisi asubuhi, uwanjani."

Wakaja wote. Shangazi Velika alivaa nyeusi, na mkononi bakuli la ngano ya kuchemsha, ile tunayogawa matangani.

"Radostin, marehemu yuko wapi?"

"Umesimama uani kwake, shangazi. Ni shule."

"Sasa si ungesema mapema kwamba anaumwa?"

"Nimesema tangu theluji ilipoyeyuka. Yale mabango je?"

"Yale ya mishale? Sisi tulidhani ni watu wa umeme. Tukazima friji."

Siku ileile Zlatina, mama wa mapacha, akawaandikisha wanawe, wenzake wakafuata, na darasa limejaa. Nashukuru mpaka sijui nimshukuru nani. Lakini mwakani? Wakubwa wa wilaya wanataka nikawafundishe walimu wakuu wengine mkakati wangu, nami nafikiria tangazo la kifo liwe la kila mwaka. Unasemaje?

Radostin, mwalimu mkuu


Mwalimu Radostin,

Hongera, na pole kwa friji za watu. Sasa nisikilize. Hakuna anayekufa kila mwaka. Mwakani watasoma, watacheka, watanunua mkate na kwenda zao. Na siku Shangazi Velika akifariki kweli, nani ataliamini tangazo lake? Hayo yako ya shule yabandue yote leo.

Kisha, ndugu yangu, umenijazia barua kwa habari za karatasi zako, wala hukuniambia humo darasani kunafundishwa nini. Nikalazimika kumpigia simu Zlatina. Fanya hivi: kila mwezi chagua siku, wazazi na mabibi waingie wakae nyuma ya darasa, wasihutubiwe. Waalike kwa mdomo, pale kwenye duka la mkate, kwa maneno yaleyale unayoombea chumvi. Hilo "endelevu" liachie semina. Wilayani nenda, ila usiwafundishe wenzako kutisha watu. Waeleze kilichotokea, nacho ni hiki alichonisimulia Zlatina.

Hakuja kuomboleza, alifuata ngano ya Velika. Mvua ikaanza wewe ukiwa katikati ya hotuba, akajibanza kwenye korido. Mwalimu Tsvetina alikuwa anafundisha kama kawaida. Zlatina akachungulia, akaambiwa, "Mama, marehemu yuko nje. Humu tunasoma." Akaomba kuketi, akakubaliwa. Akamsikia mtoto wa jirani yake, ambaye nyumbani huongea na mbuzi tu, akisoma ukurasa mzima kwa sauti, kisha akimuuliza mwalimu swali. Tsvetina akakiri kwamba jibu halijui, na darasa zima likaenda kwenye vitabu kulitafuta. Kengele ilipolia, Zlatina alikuwa bado kwenye dawati. Akatoka, akawapigia simu kina mama wenzake mmoja mmoja, akawasimulia habari za yule mtoto na swali lake. Tangazo lako hakulitaja.