Mwanao Amepimwa

Wiyoni, Amu
10 Shaabani 1446
9 Februari 2025

Mpendwa mpwa wangu Hindu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako lisiwe linakusumbua unapopanda ngazi za kwa binti yako Lubna. Je, joto la Maskati limeanza, au bado mwalala bila feni? Mimi namshukuru Mungu. Macho yamefifia kidogo, lakini nikisogeza kitabu mbali bado nasoma.

Barua hii nampa Athman, anayesafiri kuja huko, aje nayo mkononi. Ningeweza kukupigia simu, ila najua ukiwa jikoni simu huiweka sauti ya juu, na haya si maneno ya jikoni. Husni mwenyewe ndiye aliyeniomba nikuandikie. Kuna mambo ambayo mtoto wa kiume hawezi kumtamkia mama yake. Isome kwanza ukiwa peke yako.

Wajua kuwa mwanao na Huwaida wameingia mwaka wa nne wa ndoa bila mtoto. Ni wewe uliyeanza mazungumzo na watu wa Mombasa kumtafutia mke wa pili, ukawaambia kwamba Huwaida hazai. Sikulaumu kwa kutaka mjukuu. Lakini neno lile halikukaa Mombasa. Lilimfikia Huwaida huko kwao Siyu, arusini, mbele ya wanawake wenziwe. Alimaliza kula wali wake, akanawa, ndipo akaenda nyumbani kulia.

Mwezi uliofuata wakaja kwangu wote wawili. Huwaida alikuwa ameshapimwa kila kitu. Damu yake ilichukuliwa siku ya tatu ya ada yake ya mwezi kuangalia homoni, ikachukuliwa tena wiki moja kabla ya ada nyingine ili ijulikane kama yai latoka. Ultrasaundi ikaonyesha kizazi hakina uvimbe. Kisha akaenda Mombasa akapigwa eksirei ya mirija, ile ya kutiwa dawa inayoonekana kwenye picha, nayo yauma. Mirija yote miwili iko wazi. Alikuwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, amezipanga kwa tarehe.

Daktari aliyezisoma aliuliza swali moja tu: na mume? Akawaeleza kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, mume naye ana sehemu yake, na kipimo chake ni chepesi kuliko vyote alivyopitia mke. Kilipaswa kuwa miongoni mwa vya kwanza.

Hindu, mkaza mjomba wako marehemu Barka alikunywa makombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, miaka ishirini na tisa. Alipelekwa Pate, akapelekwa Malindi, akafungwa hirizi, akafukizwa. Watu walimtazama tumbo kabla ya uso. Mimi hakuna aliyeniambia niende nikapimwe, nami sikuuliza. Huenda tatizo lilikuwa kwake, huenda lilikuwa kwangu. Sijui, na ningeweza kujua. Haya nilimwambia Husni mbele ya mkewe. Akasema, "Babu, nitakwenda mimi."

Sasa sikia kazi yenyewe. Mume hukaa siku mbili hadi saba bila kumkaribia mkewe, kisha hutoa mbegu ndani ya kikopo safi, pasipo sabuni wala mafuta, na kikopo hicho sharti kifike maabara kabla ya saa moja kupita, kikiwa na joto la mwili. Kutoka Siyu haiwezekani, maana ukimaliza ndia ya miguu huenda ukakuta maji yamekupwa na mashua imekaa matopeni. Kwa hiyo wakalala kwangu. Sheikh niliyemuuliza alisema tiba ni halali, na mke amsaidie mumewe. Asubuhi niliwatuma sokoni watoto wote wa jirani wanaoshinda kwangu, nikakaa kwenye baraza la mlango kama askari.

Husni akatoka na kikopo chini ya kwapa, ndani ya kanzu. Kwa miguu ni dakika ishirini na mbili, nimezihesabu. Lakini wajua mji huu. Kila kibaraza kina mtu aliyesoma chuoni na baba yake, na kila mmoja alitaka habari zako, za goti lako, za Siyu, za bei ya ngozi. Bwana Abubakr akamshika mkono: "Ndoo unwe kahawa, mwana wa Hindu. Mbona wapita kana mgeni?" Mwanao ulimfunza adabu. Akakaa, akanywa vikombe viwili, mkono mmoja ukiwa umebana ubavu. Abubakr akamuuliza kama ameumia.

Alifika baada ya saa moja na dakika ishirini na tano. Fundi wa maabara, kijana wa bara aitwaye Jabez, alitazama saa ya ukutani akamwambia kwa upole, "Bwana Husni, hii nikiipima nitakuandikia uongo. Mwone mkeo alivyovumilia. Rudi siku nyingine."

Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Nilidhani ndiyo mwisho. Kesho yake asubuhi akaniuliza kama anaweza kukaa siku nne zaidi.

Mara ya pili nilitangulia mimi. Nilikwenda hatua kumi mbele yake, nikazipokea salamu zote. Kila kibaraza nilisimama, yeye akapita. Abubakr akasema, "Kijana huyu apita bila salamu?" Nikamjibu, "Salamu zake ninazo mimi, zitwae." Akacheka, "Leo Bwana Mselem umekuwa tarishi?" Nikaketi, nikanywa kahawa ya watu wawili, na moyo wangu ukimfuata kijana kwenye kona. Alifika kwa dakika ishirini na moja.

Majibu ni haya, nayaandika kama nilivyoyasoma. Mbegu ni chache, na zinazokwenda vizuri ni chache zaidi. Wakarudia baada ya wiki nne, kwa kuwa karatasi moja haitoshi kumhukumu mtu, na hali ikawa ile ile. Daktari akampima, akakuta mishipa iliyovimba sehemu ya siri, upande wa kushoto. Ana upasuaji mdogo Mombasa baada ya Idi, kisha atapimwa tena baada ya miezi mitatu, kwa sababu mbegu mpya huchukua muda huo kukomaa. Daktari hakuahidi mtoto, nami sikuahidi. Amesema tu kwamba hili hutibika kwa wengi.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Juma lililopita tulikaa na Husni barazani kwa Abubakr, wanaume saba hivi, mchana. Abubakr, kwa utani wake usio na breki, akamwambia, "Mwaka wa nne huu, Husni. Siyu wanawake wamekwisha?" Nilimwona mwanao akiweka kikombe chini. Akasema, "Mke wangu amepimwa, mzima. Anayetibiwa ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Abubakr akauliza taratibu, "Kumbe na waume hupimwa?" Husni akamjibu, "Hupimwa, na ni rahisi kuliko yao. Ila usinywe kahawa ndiani." Hapo wakacheka wote, naye pamoja nao. Jioni mtu mmoja kati ya wale alinifuata hadi mlangoni kuuliza maabara hufunguliwa saa ngapi. Ana wake wawili na hana mtoto. Jina lake nimelihifadhi.

Tangu tulipohamishwa kutoka bara, tukaacha mashamba yetu, nikiwa na miaka minane, nimezeeka nikisikia watu wakijivunia mashamba na minazi ya baba zao. Mimi sikuwa na la kusema. Siku ile nilitembea kurudi Wiyoni nikiwa nalo. Mwanao ni mwanamume, Hindu, na wewe ndiye uliyemlea.

Sasa nakuomba jambo moja, na sitakuomba lingine. Wale watu wa Mombasa, wapigie wewe mwenyewe, usimtume mtu. Usiwaambie kwamba mambo yameahirishwa, wala kwamba kijana hajawa tayari. Waambie ulisema juu ya Huwaida jambo usilolijua, na sasa umelijua, na mwanao anatibiwa. Husni ameridhia usemwe ukweli wake wote. Ukimaliza, mwambie Huwaida kwamba umeshawapigia.

Nisalimie Lubna na wanawe, na mumewe akirudi kutoka kazini. Huku wakusalimu Huwaida, Husni, na jirani zangu wote wa Wiyoni. Mwenyezi Mungu akupe afya, atufikishe Ramadhani tukiwa wazima, na aujaalie mwezi huo uwe wa kheri kwenye nyumba ya Siyu kama alivyoandika Yeye.

Mimi mjomba wako akupendaye na kukuombea,
Mselem