Mke Mwenza Mwenye Kwato

Izia, Sumbawanga,
Ufipa.
30 Juni 1934

Mpendwa dada Silvana,

Shikamoo dada. Natumaini baridi ya huku haikukufuata mpaka Tabora, na kwamba shemeji na watoto wanaamka salama. Kile kifua chako kimepona? Sisi hatujambo. Ulezi umeshaingia ghalani, mwanangu Beda ameanza kuota meno, na mgongo wangu bado unauma tangu nilipomzaa.

Uliniuliza habari za Leonardi. Mume wangu hajambo, ila ameongeza mke, ingawa tulifunga ndoa kanisani. Usishtuke, ngoja nikueleze.

Alipata kazi ya usaisi, kumtunza farasi wa yule Mzungu wa kupambana na nzige, ambaye sisi humwita Bwana Nzige. Farasi mwenyewe ni jike, mwekundu, ana macho ya kurembua. Leonardi humwita Bibie. Mimi tangu anioe ananiita "wewe".

Huyo Bibie alianguka kwenye mteremko wa Rukwa, akashinda bandani masika yote. Alipotolewa, mgongo ulikuwa umenyauka na miguu ya nyuma anaiburuta. Bwana Nzige akaagiza asipandwe mpaka apate nguvu, afanyishwe mazoezi tu na mtu anayetembea kando yake. Basi kila asubuhi mume wangu yuko naye uwanjani. Anamzungusha kwa kamba ndefu, kulia kisha kushoto. Anamvusha magogo yaliyolazwa chini ili azoee kunyanyua kwato. Anamshikia karoti ubavuni ili ageuze shingo mpaka kwenye mbavu, viungo vilainike. Kisha wanapanda kilima pamoja, na wakishuka anamwambia, "Taratibu, Bibie, usijiumize."

Mimi napanda kutoka mtoni, mtungi kichwani na Beda mgongoni, wala sijaambiwa taratibu. Nilipomwambia mgongo unaniuma alijibu, "Utazoea, wewe." Dada, nilimwonea wivu mnyama. Nasema wazi. Watu husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Njoo uone gauni langu linavyoning'inia.

Zoezi nililolichukia kuliko yote ni la kurudi nyuma. Leonardi anasema ndilo linalojaza mapaja. Hakumsukuma wala kumvuta. Alichuchumaa mbele yake akapiga makofi polepole, kama sisi Wafipa tunavyomwamkia mkubwa, na Bibie akainamisha kichwa akarudi nyuma hatua kwa hatua. Mume wangu kumwamkia farasi! Mimi ndiye ninayemchuchumalia yeye akiingia nyumbani.

Sasa sikia. Bwana Nzige alihamishiwa Mbeya. Akasema Bibie akipona wataondoka kwa njia ya Laela, na Leonardi atakwenda naye, mke atafuata baadaye. Baadaye hiyo naijua. Jirani yetu Eustaki alimwambia mkewe hivyo hivyo alipokwenda Lupa kuchimba dhahabu, na mpaka leo mama wa watu anaingoja. Kwa hiyo kila nilipoona mapaja ya farasi yanajaa, moyo wangu ulizidi kuingia baridi. Nilimsihi Leonardi abaki. Akasema, "Nikibaki, nani atamwangalia Bibie?" Hakuuliza nani ataniangalia mimi.

Jumapili ya wiki juzi Bwana Nzige alimpanda mbele ya watu, kuagana. Wazee wa Izia na Milanzi walikuwa mbele, sisi wanawake nyuma. Alipotukaribia tukachuchumaa sote, tukapiga makofi ya heshima. Bibie akainamisha kichwa, akaanza kurudi nyuma. Wazee wakadhani hawajaamkia vya kutosha, wakazidisha. Naye akazidi kurudi. Mimi nilijua sababu, dada. Ningeweza kuwaambia waache. Badala yake nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwaka moto. Farasi akarudi hadi kwenye shimo la udongo wa matofali, na Bwana Nzige akaketi topeni.

Hakuumia, lakini alikasirika sana. Akasema haendi popote na farasi mwenye wazimu. Aliondoka kwa lori, akamwacha Bibie kwa mapadri, nao wakamwajiri Leonardi amtunze.

Nikafurahi, siwezi kukuficha. Hata nikaanza kujidanganya. Leonardi alijua vizuri kwamba ni yale makofi, na angemweleza bwana wake angeeleweka, wangeondoka wote. Kumbe alinyamaza! Nikadhani alinyamaza kwa ajili yangu na Beda. Jana jioni nikampikia ugali wa ulezi na samaki, nikamwuliza kwa sauti ya upole kwa nini hakusema neno.

Akanawa mikono kwanza. Akasema, "Safari ya Mbeya ni ndefu. Mgongo wake usingestahimili."

Sikumwuliza mgongo wa nani.

Nisalimie shemeji Modesti, na umbusu Fransisko wako kwa niaba ya mama yake mdogo. Mama yetu Marsiana anakusalimu, anasema uje kabla hajafa, ingawa hana dalili ya kufa. Leonardi naye angekusalimu, lakini bado yuko kilimani, na giza linaingia.

Mungu akutunze, dada yangu, na akupe mtu wa kukuambia taratibu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Adela