Majivu Mamoja, Rupia Mbili

Kiruruma, Karagwe
Jumatano jioni

Kaka Jovitus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Mackrine na watoto, na kwamba upepo wa juzi haukulaza migomba huko Nyakatuntu kama ulivyoilaza huku. Sisi tupo. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua akishuka kwenye kahawa. Anauliza kama ule mche aliokupa umeshika. Nimemwambia nitauliza, basi nimeuliza.

Utashangaa kupata barua zama hizi za simu. Simu zangu huzipokei, kaka, nami nimepiga mpaka nikaona haya. Kesho wifi akija soko la Kayanga nitampa hii akuletee. Usimgombeze, mimi ndiye nitakayemng'ang'ania. Unajua mwenyewe, tangu utoto wewe ukinuna hata mbuzi wa jirani wanajua.

Misa ya kubariki kaburi la Baba ni Jumamosi hii. Padri ameshakubali, wajomba wameshaambiwa, rubisi ya ndizi iko kwenye mtumbwi inachacha. Lakini umesema hukanyagi kibanja hiki nikiwemo, na Mama naye amesema bila mwanawe mkubwa hakuna Misa, atamrudisha padri njiani. Hali chakula sawasawa. Anakaa mlangoni akitazama barabara, na pikipiki ikipunguza mwendo ananyanyuka. Siwezi kuendelea kumtazama hivyo.

Niruhusu nilipange jambo hili toka mwanzo, maana siku ile tulisema wote kwa pamoja na hakuna aliyesikia.

Baba alituachia rupia mbili za Mjerumani, zile zilizotolewa mahari ya Bibi. Yako ya mwaka 1892, yangu ya 1894. Uliniambia nizipeleke Dar kwenye kampuni yetu ya kupima ubora wa sarafu za kale zikapimwe, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nami nikakubali. Sikujua kwamba asubuhi ya safari Mama alizitoa kwenye kibuyu akazisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi na kipande cha lubugo, kitambaa cha gome la mti, mpaka zikang'aa. Kwake yeye, kitu cha marehemu hakipelekwi kwa wageni kikiwa kichafu. Ni heshima tuliyofundishwa sote. Nani angemwambia kwamba kwa wapima sarafu, kuosha ni kuharibu, kwamba ile mikwaruzo midogo ya majivu haifutiki tena?

Kule ofisini nilijitoa, nikasema hizi ni za kwetu, wapime wengine. Zikarudi. Yako imetiwa kwenye kifuko chenye kikaratasi: imesafishwa, haipewi namba ya ubora. Yangu imefungiwa kwenye kasha la plastiki, ina namba, tena namba nzuri. Na kabla sijashuka kwenye basi hapo Kayanga, tajiri mmoja wa Mwanza alikuwa ameshanipigia akiulizia ile ya 1894.

Mama aliposema kwamba alizisugua zote mbili, ulisema mbele ya wajomba maneno ambayo bado nayasikia: "Mkono uliosugua ni mmoja, majivu mamoja, siku moja. Hukumu mbili zimetoka wapi, kama si kwa mwenye kazi yake?" Ukaiacha rupia yako mezani, ukaondoka bila kula. Mjomba Polikarpi akanitazama kama mwizi wa kuku.

Nami nikatoka nikaenda kwenye migomba, nikaweka kiganja juu ya udongo wa kaburi la Baba, wote wakiona, nikaapa mambo mawili. Kwamba sikumnong'oneza mtu. Na kwamba kipimo chetu hakijui bei.

La kwanza ni kweli, kaka. Mungu ananiona. La pili ndilo linaloninyima usingizi.

Wiki iliyopita Evangelina alikuja kutupa pole. Ni mwenzangu wa kazini, wa Muleba, na ni mmoja wa waliozipima rupia zetu. Kabla sijaenda kumpokea Kayanga nilichukua lile kasha, nikaliweka juu ya jiwe la kusagia, nikalivunja kwa nyundo ya Baba. Mama aliruka. Ujue kwamba kasha likivunjika namba imekufa, haifufuki. Kisha nikabandika kipande cha karatasi juu ya mwaka wa kila rupia, yako na yangu.

Tuliketi kwenye hoteli ya chai karibu na stendi. Nilimwomba anipimie sarafu mbili, bila kumwambia ni zipi. Aliinamisha lenzi yake, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, chai ikapoa. Nilitaka aikatae moja tu, ile yako, niwe nimeapa kweli.

Alizisukuma zote mbili kwangu. Akasema zimeoshwa kwa kitu cha unga unga, pengine majivu, na hakuna hata moja ya kupewa namba.

Nikamwambia abandue karatasi. Akabandua. Alipofika kwenye 1894 aliitambua. Kisha akasema polepole: "Ya mwaka 1894 huvumiliwa."

Nikamuuliza madini ya rupia hiyo yamebadilika nini tangu alipoikataa. Akasema hakuna. Hakukasirika, wala hakujitetea kwa uongo. Alisema za mwaka ule zilitoka chache, anayeitafuta hawezi kuchagua, na mnunuzi mwenyewe husamehe mkwaruzo ambao kwenye rupia nyingine asingeusamehe. Basi na mpimaji husamehe naye, bila kuambiwa na mtu. Nami nafanya hivyo hivyo, kaka. Sarafu adimu ikifika mezani kwangu moyo unaruka kwanza, jicho linafuata baadaye, likiwa limeshalainika. Nilijua hivyo nilipoweka kiganja kwenye udongo. Sikujua yote, lakini nilijua vya kutosha kunyamaza, na sikunyamaza. Niliona aibu ya kazi yangu mbele ya wajomba, nikamtwisha Baba uongo wangu.

Kwa hiyo ulikosea kwamba nilikupunja, lakini hukukosea kwamba ulipunjwa. Jumamosi nitalisema hilo pale pale nilipoapa, wajomba wakisikia. Yule tajiri wa Mwanza nimempigia, nimemwambia rupia imesuguliwa na majivu na kasha halipo. Alikata simu.

Sasa sikia nilichofanya. Nilimpa Mama rupia zote mbili, mwaka umefunikwa tena, nikatoka nje nikaenda kumenya ndizi. Akazichanganya mkononi kama mbegu za maharage, akafunga moja kwenye kipande cha lubugo, ndiyo hii uliyoikuta ndani ya bahasha. Nyingine ameifunga akanipa. Lenzi yangu nimemkabidhi Evangelina aende nayo Dar, nisije nikashawishika kuichunguza yangu. Hakuna katika nyumba hii anayejua ipi ni ipi, na Mama hata hataki kuulizwa.

Ukitaka kubandua karatasi, bandua, ni haki yako. Ikiwa ni ya 1894, ni yako, sitaidai. Mimi yangu sitaibandua. Nitakuwa nayo mfukoni Jumamosi kwenye Misa, na nimemwambia Mama akuwekee kiti cha mbele upande wa kaburi, mimi nitasimama nyuma na wapishi.

Msalimie wifi, uwabusu watoto. Mjomba Polikarpi anakusalimu pia, ingawa hajui kama naandika. Mama amesema nimalizie kwa kukukumbusha kwamba padri anaanza mapema, na ndizi za kupika tumekwisha kukata.

Mdogo wako,
Sperancia